Siku Bunyakiri Hakumaliza Ripoti

Juzi vijana fulani wa hapa Bukavu, wenye biashara ndogo ya kahawa, waliniita niwaeleze jinsi ya kufanya kazi na watu walio mbali. Wana watu wao Idjwi, Kalehe na Uvira, wana simu za kila aina, na bado kila wiki wanagombana. Mtu aliwaambia kwamba wakati wa vita niliendesha depo ya chakula na timu ambayo karibu sikuiona kwa macho. Nikawapa niliyonayo: mkutane saa ileile kila siku, kila mtu aongee kwa zamu yake, na anayepokea neno alirudie kabla ya kulitenda. Waliandika kwa bidii sana. Mmoja akaniuliza kama ni hayo tu, nikamjibu ni hayo tu, nikachukua mwavuli wangu nikatoka. Hayakuwa hayo tu, lakini sikutaka kulia mbele ya watoto wa watu.

Vita ya pili ilipoingia mjini, patron wetu, mwenye ile depo, alivuka mpaka na familia yake akaenda kukaa Bujumbura. Alisema hakimbii biashara, ataiendesha kutoka hukohuko. Mimi nilikuwa karani wake, sina mume, sina mtoto, na ndugu zangu wawili walikuwa wamebaki Kinshasa upande wa pili wa vita. Akaniona mimi ndiye wa kuachiwa funguo. Depo ilikuwa Nyawera, nyumba ndefu ya bati yenye ua mdogo na chumba kimoja cha ofisi mbele. Nikahamia humo na godoro langu ili wezi waone taa inawaka.

Tuliuza mafuta ya mawese, mchele na maharage kwa mashule, kwa masista na kwa akina mama wenye mikahawa midogo. Mafuta yalitoka Bunyakiri, mchele Kamanyola, maharage Mumosho. Kabla ya vita lori letu lilizunguka pande zote hizo, na wanunuzi wetu walikuja mjini kila mwisho wa mwezi, tukala pamoja, tukataniana, tukagawana kazi ya mwezi unaofuata. Vita ikakata yote hayo. Lori lilichukuliwa na wanajeshi wiki ya kwanza, na hadi leo halijarudi. Barabara ya Bunyakiri ilianza mikononi mwa watu hawa, ikaingia msituni kwa watu wale, na aliyeipita hakuwa na hakika ya kufika. Mafuta yakawa yanakuja migongoni mwa wabebaji, wanaume waliojua vijia vya nyuma na waliolala njiani.

Patron akanunua foni, zile redio za kuzungumzia ambazo mapadri na watu wa misaada walikuwa nazo. Kila kituo kilipata mashine moja, batri ya gari, paneli ndogo ya jua na waya mrefu wa kufunga juu ya mti. Ya kwangu ilikaa mezani ofisini, na waya wake ulipita dirishani hadi kwenye mvokado wa jirani. Hewani hatukutumia majina, kwa sababu kila mtu aliweza kusikia, hata wenye bunduki. Kila mmoja aliitwa kwa mahali pake. Bunyakiri alikuwa muzee mmoja aliyewahi kufundisha shule ya msingi. Mumosho alikuwa katekista mwenye baiskeli. Kamanyola alikuwa maman mjane aliyeajiriwa vita ikiwa imekwisha kuanza, mwenye sauti nzito na ubishi, na yeye sikuwahi kumwona hata siku moja. Mimi nikawa Bukavu. Miaka ile niliitwa Bukavu kuliko nilivyoitwa jina langu.

Mwanzoni tulifanya vurugu. Wote wanaongea pamoja, kila mmoja anakanyaga maneno ya mwenzake, na mimi nimeshika kichwa. Siku moja nilimwambia Kamanyola mchele usubiri, kwa sababu mjini ulikuwa umejaa. Yeye akasikia nusu, akaupakia kwenye lori la watu, ukapanda milima ya Ngomo kwenye mvua na kufika umeota. Tuligombana hewani mpaka kituo fulani cha mapadri kikatuomba tuhame mawimbi. Tangu hapo nikatunga utaratibu. Bunyakiri anaanza, anafuata Mumosho, Kamanyola anafunga. Ukipewa neno unalirudia lote. Na kwa kuwa masikio ya Kamanyola yalimpata Bunyakiri vizuri hata milima ilipokataa kunipitishia sauti yake, ilikubaliwa kwamba Bunyakiri akipotea, Kamanyola anachukua ripoti yake na kunisomea mimi. Utaratibu huo ulifanya kazi. Tuliweza kuuza na kununua kuliko wafanyabiashara wenye pesa mara kumi yetu, na bado ninajivunia.

Sheria moja haikuwa yangu. Patron aliitoa mwenyewe, na siku za Jumatatu aliingia hewani kuhakikisha inashikwa: hakuna salamu na hakuna mambo ya nyumbani. Batri si za kuulizana mumeamkaje, alisema, na wanaosikiliza wasijue nani ana mtoto gani, wapi. Sheria nzuri kwenye karatasi. Lakini huku kwetu mtu haulizi bei ya mafuta kabla ya kuuliza umelalaje, watoto wamelalaje, yule mgonjwa anaendeleaje, na mvua imewafanyia nini. Kumkatia mtu salamu ni kumwambia hana maana. Mumosho alikubali kwa sababu ni mtu wa kutii. Kamanyola alikubali kwa sababu hakupenda maneno mengi. Bunyakiri hakukubali hata kidogo.

Kila asubuhi nilisikia anavuta pumzi, nikajua anakuja. "Bukavu, umeamuka muzuri?" Nami nabonyeza: "Bunyakiri, ripoti." Anakohoa kwa hasira ya kiualimu, kisha anaanza: mafuta kiasi gani, bei gani sokoni Hombo, wabebaji wangapi wametoka. Nilikuwa mkali, sikatai. Nilikuwa peke yangu katika mji uliojaa wanajeshi, nina chakula cha watu ndani, na ukali ndio ulinifanya niamke asubuhi.

Lakini huyo muzee alinipata. Mama yangu alikuwa anakaa mlimani juu ya Bunyakiri, katika nyumba niliyozaliwa, na migomba yake na mbuzi wake wawili. Nilimwomba mara nyingi aje Bukavu, tangu kabla ya vita, akakataa. Alisema mjini watu wanakula vitu vya kununua. Barabara ilipofungwa, hata kama angekubali, hakukuwa na njia ya kumtoa. Ilikuwa mwendo wa siku mbili kwa miguu kupitia msitu ambao vijana wenye nguvu walipotelea. Nilijua hivyo, na bado nilitengeneza kachumba kwa nyuma ya depo, nikakitia kitanda, godoro jipya na blanketi nene, kwa sababu mama alikuwa mtu wa kusikia baridi. Kazi yangu yote ilikuwa ya kungoja barabara ifunguke ili nimlaze pale. Wengine walidhani naendesha biashara ya patron kwa uaminifu. Nilikuwa naendesha foni iliyokuwa inafika kwa mama yangu.

Kuuliza habari zake hewani nisingeweza, kwa vile mimi ndiye niliyewafunga wengine mdomo. Muzee akaliona hilo bila kuambiwa. Siku moja alipomaliza kuhesabu bidoni zake, yale madumu ya mafuta, kabla sijampa zamu Mumosho, akasema haraka haraka, kwa sauti ileile ya bidoni: "Na kule juu, maman alikula bugali na alipika mwenyewe." Nilikaa na kidole juu ya kitufe. Nikasema nimepokea, nikaita Mumosho.

Kuanzia siku hiyo kila ripoti ya Bunyakiri iliisha na sentensi moja ya mama yangu. Maman amevuna maharage. Maman goti linamuuma lakini alienda misa. Maman anasema mbuzi mmoja amezaa. Nilijua kwamba ili aipate sentensi hiyo muzee alipanda mlima ule, yeye au mke wake, karibu kila siku. Hata patron akiwa hewani muzee aliipitisha, na patron hakuikataza. Pengine alidhani ni mambo ya mizigo, pengine alijua. Nilikunywa chai yangu baada ya sentensi ile, si kabla.

Sikuwa na kitu kingine. Watu wanafikiri mtu anayeongea na vituo vitatu kila siku hana upweke. Tukishazima foni, nyumba ilinyamaza namna ambayo mtu anasikia bati linavyopoa. Nilipika bugali na sombe, majani ya muhogo, kwa kipimo cha watu wanne, kwa mazoea ya nyumbani, nikala kidogo, kilichobaki nikampa mlinzi wa jirani. Shirika letu la parokia lilikutana saa ya kazi yangu, kwa hiyo niliacha kwenda, na akina mama waliacha kuniuliza. Mbaya zaidi ilikuwa Jumapili, siku ambayo hatukufungua. Baada ya misa niliwasha foni hivyo hivyo, nikazungusha mawimbi nikisikiliza mapadri wa vituo vingine wakisalimiana, wakiulizana habari za mananasi na za wakristo wao, na wakicheka. Nilikuwa nawaonea wivu mapadri. Sijui kama kuna mwingine amewahi kusema hivyo.

Halafu msimu wa mvua ukaja, na sentensi zikabadilika. Maman anakohoa kidogo. Maman alilala leo hakwenda shamba. Maman amekunywa dawa. Nilituma vidonge kwa mbebaji niliyemwamini, na muzee akanipa habari kwamba vimefika. Siku iliyofuata: maman amekunywa uji wote. Nikashukuru Mungu kwa uji. Nilianza kuulizia watu wanaojua vijia, nikamwahidi mmoja pesa nyingi anipeleke mimi Bunyakiri ikiwa mama hawezi kuja. Alisema hachukui mwanamke kwenye njia ile kwa pesa yoyote. Nilimtukana. Bunyakiri alisikia habari hiyo, sijui kwa nani, na kesho yake baada ya sentensi ya mama akaongeza ya pili: "Na asikuye. Barabara iko mubaya." Yaani mimi nisije. Nikaita Mumosho.

Asubuhi ninayotaka kuieleza ilikuwa ya mvua nyembamba, ile inayokaa juu ya ziwa bila kuamua inaondoka au inabaki. Nilifungua foni, nikaita. Bunyakiri alijibu mara moja, na hakunisalimu. Nilitega sikio, sikusikia hata pumzi ya kujaribu. Akaanza moja kwa moja na mafuta. Nikajisemea, hatimaye muzee ameelewa sheria, na kusema kweli nilifurahi kidogo.

Akasoma bidoni moja moja. Kwa kawaida alisema jumla tu, leo akataja kila moja: hii imejaa, hii imepungua vidole viwili, hii kifuniko si chake. Nikamwambia anipe jumla. Akasema jumla itakuja. Akaingia kwenye bei za Hombo, soko la juzi na soko la wiki iliyopita. Kisha wabebaji: nani ana kamba mpya, nani amedai chumvi badala ya pesa, nani ana kidonda mguuni. Nikasema nimepokea, maliza. "Bado sijamaliza, maman," akajibu, kwa upole ambao haukuwa wake. Akaniomba niende nyuma nikaangalie alama ya rangi kwenye bidoni za safari iliyopita, kama ni nyekundu au nyeusi. Nilikwenda nikinung'unika, nikarudi na mkono umejaa mafuta, nikasema ni nyekundu. Akasema asante, sasa niangalie kama kuna nyeusi hata moja.

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia batri anayoichezea haikununuliwa na babu yake, mvua inanyesha kote, jua la kuichaji atalitoa wapi. Badala ya yeye kujibu, Kamanyola akaingia bila zamu. Alitaka tuongee habari za mchele wenye wadudu, jambo ambalo tulilimaliza wiki mbili nyuma. Nikamuuliza Mumosho yuko wapi, kwa sababu zamu ni yake. Kamanyola akasema Mumosho ametoka asubuhi na baiskeli, ana kazi. Nikasema hakuna aliyempa ruhusa. Kamanyola akasema ndiyo, hakuna, kisha akarudi kwenye wadudu. Yule mwanamke ambaye kwa kawaida maneno kumi yalimtosha siku nzima, alinieleza jinsi wadudu wanavyoingia mchele, jinsi mama mkwe wake alivyowatoa kwa majani, na majani hayo yanaota wapi. Sauti yake ilikuwa inakwaruza. Nikamwambia akaze waya.

Ningeweza kuzima. Nilikuwa na wateja wa kuona na masista wa kupelekea maharage. Lakini Bunyakiri hakuwa amemaliza ripoti, na sentensi yangu ilikuwa mwisho wa ripoti. Kila nilipodhani imefika, alipata kitu kingine: mizani, kamba, msumari. Hivyo nikabaki nimekaa, chai haijanywewa.

Katikati ya hayo sauti ya tatu ikaingia. Ilikuwa ya patron, na haikuwa Jumatatu. Nikaogopa, nikaanza kujieleza kwamba si mimi ninayepoteza batri, ni hawa. Akaniacha niseme yote. Kisha akasema neno moja: "Endeleeni." Akatoka.

Hapo ndipo nilipojua kuna jambo. Nikavunja sheria. Nikabonyeza, nikasema: "Bunyakiri, na kule juu?"

Nilisikia mvua ya kwao ikipiga bati la kwao. "Nitafika pale, maman," akasema. "Ningali kwa mafuta." Na akaendelea, bidoni ya kumi na ngapi sijui, ila sasa sauti yake ilikuwa inapungua, kama inavyokuwa batri ikichoka. Maneno yalikuwa yanakatika katikati. Nikawa najiambia mama amezidiwa, kwamba wanaficha ili nisikimbilie msituni, na nikaanza kupanga kichwani viatu gani nivae. Nilikuwa naangalia funguo za depo mezani na kufikiria nimwachie nani.

Mlango wa ua ukagongwa. Sikungoja zamu ya mtu, nikasimama, lakini kabla sijafika walikuwa wameingia. Walikuwa akina mama wa shirika langu, wale ambao sikuwa nimekwenda kwao muda mrefu, vitenge vimefungwa kiunoni, mmoja na mikeka kwapani, mmoja na chupa kubwa ya chai. Nyuma yao alisimama katekista wa Mumosho, baiskeli yake imeegemea ukuta, matope mpaka magotini. Amevua kofia na mvua inamnyeshea. Hakuna aliyenisalimu. Wale akina mama walinipita, wakatandika mikeka sakafuni ofisini kwangu, wakakaa chini.

Huku kwetu mtu hapelekewi msiba akiwa peke yake. Haijalishi ni mbali kiasi gani, kwanza wanatafutwa watu wa kukaa naye, na hadi wafike unaambiwa chochote, unaambiwa mgonjwa, unaambiwa mafuta. Nilijua desturi hiyo tangu utoto, nilikuwa nimewahi kwenda mwenyewe kwenye nyumba za wengine na mkeka kwapani. Lakini mtu hafikirii kwamba atafanyiwa kwa foni. Waliosikiliza mawimbi asubuhi mapema walikuwa wameipata habari, na yeyote kati yao angeweza kuingia uani kwangu na kuitupa. Kwa hiyo walinishika hewani tangu asubuhi, wakati mwenzao anapanda milima ya Mumosho na baiskeli kwenye matope kuja kuwatafuta akina mama hawa.

Sikulia hapo. Nilirudi mezani, nikakaa kwenye kiti changu, nikabonyeza. "Bunyakiri, maliza ripoti," nikasema. Hewa ikanguruma. "Bunyakiri, nakuomba. Maliza ripoti."

Nikaita tena na tena, na mvua tu ilijibu.

Kisha Kamanyola akaja, sauti nzito ileile. "Bukavu, Bunyakiri hayuko tena. Batri yake imekwisha. Alijua itakwisha. Asubui mapema alinipa ripoti yake yote, miye niko nayo. Unaweza kuipokea?"

Nikasema naweza.

Akanisomea. Hakuwa na karatasi, aliishika kichwani. Mama alikufa jana jioni, kabla ya giza. Alikuwa amekunywa uji. Hakuwa peke yake: mke wa muzee alikuwa amemshika mgongoni ili apumue, na muzee mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni. Mke wa muzee ndiye aliyemwosha. Watamzika leo saa za mchana, nyuma ya nyumba, upande wa migomba, kwa sababu kumteremsha parokiani ni hatari. Mbuzi wamechukuliwa na jirani. Blanketi lake amefunikwa nalo. Na mama aliacha neno moja kwa ajili yangu, naye muzee alimfanya Kamanyola alirudie ili asikosee: nisipite barabara ile, na nisilale tena nyumba moja na magunia bila mtu.

Kwa utaratibu wetu nilipaswa kulirudia. Nilibonyeza nikasema, "Nisipite barabara ile," na hapo nikashindwa. Kilio kilitoka chote, cha siku ile na cha zile Jumapili zote. Kidole kilikuwa bado juu ya kitufe, na foni ni hivi, ukibonyeza unasikiwa wala husikii. Kamanyola alinisikia, na mapadri waliokuwa kwenye mawimbi yale walinisikia, na patron, na wenye bunduki kama walikuwepo. Mimi nilijisikia mwenyewe tu. Nililia hivyo muda mrefu, nikidhani hakuna mtu duniani anayenijibu, mpaka mama mmoja wa shirika akainuka, akashika mkono wangu na kukiondoa kidole kile kimoja.

Kamanyola alikuwa anaongea. Sijui alianza lini. Alikuwa anarudia jambo moja, polepole, kama mtu aliyekwisha kulisema mara nyingi na yuko tayari kulisema tena.

"Bukavu, miye niko chini," alikuwa anasema. "Foni niliishusha chini. Nimekaa chini tangu asubui, maman. Tangu tulikuwa kwa mchele, nilikuwa chini."

Kukaa chini ndiyo kufanya msiba. Mwanamke ambaye hajawahi kuniona, wala mimi kumwona, alikuwa sakafuni Kamanyola kwa ajili ya mama yangu saa zote zile nilipokuwa namkemea juu ya wadudu. Nikaangalia kiti nilichokalia. Nikavuta waya wa mikrofoni mpaka mwisho wake, nikateremka, nikakaa chini pamoja nao.